Thiel hasemi, reli ndizo zinazosema

Kibanda chetu kilikuwa na hita moja, viti viwili na dirisha linalotazama kizuizi cha yadi ya malori, pembezoni mwa Berlin. Lori likija nabonyeza, mti unainuka. Likipita nabonyeza tena, mti unashuka. Ndiyo kazi yote. Kati ya saa saba usiku na saa kumi alikuwa haji hata paka, na hapo ndipo nilipokuwa nikijisomea sarufi ya Kijerumani ili nisisinzie. Mwenzangu wa zamu, mzee wa hapohapo Berlin aliyekuwa akihesabu miezi ya kustaafu, alinitazama wiki nzima nikihangaika na vitenzi. Usiku mmoja akatoa mfukoni mwa koti kijitabu cha jalada la njano, pembe zimejikunja, akakiweka juu ya chupa yangu ya chai.

"Achana na hayo mazoezi," akaniambia. "Soma hiki. Huyu naye alikuwa mtu wa zamu kama sisi."

Alisema shuleni walisomeshwa hicho kwa lazima, akakichukia mno. Kisha akaongeza, macho yako dirishani, kwamba tangu aingie kazi za usiku amekisoma mara nne.

Kitabu ni Bahnwärter Thiel, yaani Thiel, mlinzi wa reli. Gerhart Hauptmann alikiandika mwaka 1887, akiwa na umri wa miaka 24, akiishi Erkner, mji wa misitu na maziwa mashariki mwa Berlin alikohamia kwa ajili ya mapafu yake. Kilichapishwa mwaka uliofuata katika jarida la Die Gesellschaft la Munich. Nobel aliipata mwaka 1912, hasa kwa tamthilia zake, na wengi humjua kwa hizo. Mimi namjua kwa hiki, na hadi leo sijaona haraka ya kwenda kwingine.

Naeleza kisa hadi mwisho, kwa hiyo kama hupendi kuharibiwa hadithi, kaisome kwanza. Jioni moja inakutosha. Thiel ni pande la mtu, mpole, mcha Mungu, analinda kipande cha reli ndani ya msitu wa misonobari wa Brandenburg. Mkewe wa kwanza, Minna, mwanamke mwembamba wa afya haba, anafariki akimzaa Tobias. Mwaka haujapita sana Thiel anamwoa Lene, mtunza ng'ombe mwenye nguvu na ulimi mkali, ambaye akishapata mtoto wake mwenyewe anaanza kumtesa Tobias. Thiel anajua, anakaa kimya. Siku moja Tobias anagongwa na treni mbele ya baba yake. Usiku huo Thiel anamuua Lene na kile kichanga. Wanamfikisha Charité, hospitali ya Berlin, katika wodi ya wagonjwa wa akili.

Kwa muhtasari huo ni habari ya gazeti, mistari sita ukurasa wa ndani. Hata Goethe, mshairi mkuu wa Wajerumani, alipokuwa akiongea na msaidizi wake Eckermann mwaka 1827, alisema novela, yaani hadithi ya urefu wa kati kama hii, ni nini kama si tukio lisilopata kusikika ambalo limetokea kweli. Tukio hapa lipo. Lakini lililonifanya nilisome tena nikiwa kwenye kiti kilekile ni swali la ufundi: unaandikaje akili ya mtu asiyesema? Thiel si mtu wa kujieleza. Hana rafiki wa kumwaga moyo kwake, hana shajara, na hata mawazo yake tunayopewa ni machache, mafupi, kama mtu anayepumua kupitia kitambaa. Mwandishi mwingine angempa uzungumzinafsi wa kurasa tatu, machozi yakimdondoka. Hauptmann hampi. Kazi ya kusema amevipa vitu: reli, nyaya, kengele, mkate, kindi, kofia. Ukivifuata hivyo vitu unaijua akili ya Thiel kumshinda Thiel mwenyewe.

Tuanze na sentensi ya kwanza, kwa sababu niliisoma nikaipita kama salamu. Kila Jumapili, inasema, Thiel mlinzi wa reli alikaa katika kanisa la Neu-Zittau, isipokuwa siku alizokuwa zamu au mgonjwa kitandani. Unaona mtu wa kawaida, mwenye ratiba. Sentensi inayofuata inasema katika miaka kumi aliugua mara mbili tu. Mara ya kwanza bonge la makaa lilidondoka kutoka kwenye treni iliyokuwa ikipita, likamgonga, likamtupa mtaroni mguu umevunjika. Mara ya pili ilikuwa chupa ya mvinyo, iliyorushwa kutoka kwenye treni ya mwendo kasi, ikampiga katikati ya kifua.

Mimi nilicheka hapo. Chupa ya mvinyo! Kuna abiria humo ndani amekunywa, amefungua dirisha, amerusha, na hatajua maisha yake yote kwamba ilimtua mtu. Nilipoisoma mara ya pili kicheko kilikatika. Katika sentensi mbili za mwanzo, zilizovaa sura ya takwimu za kanisani, tayari tumeambiwa kwamba mabaya yote ya mtu huyu huja kwa treni, kwamba treni haisimami kuangalia ilichogonga, na kwamba hakuna ugonjwa mwingine uliowahi kumweza. Walimu wa fasihi hukiita kidokezo. Kidokezo kibaya hukukonyeza ukakiona. Hiki kinakuja kimevaa nguo za kazi, kama fundi wa umeme, nacho kinakaa sebuleni bila mtu kukishuku.

Baada ya hapo Minna anaingia kwenye hadithi na kufa ndani ya ukurasa. Jumapili inayofuata Thiel yuko kanisani peke yake, vifungo vya sare vinang'aa kama zamani, nywele zake nyekundu zimepakwa mafuta na kuchanwa njia kijeshi. Tofauti moja tu: shingo yake nene ameiinamisha kidogo, na anaimba kwa bidii kuliko awali. Watu wakakubaliana kwamba kifo cha mkewe hakikumgusa sana. Msimulizi hawabishii. Anaripoti tu maoni yao, kwa sauti yao, kisha anaendelea. Kinaya chote kiko kwenye ile shingo. Umeonyeshwa, na pembeni yako kuna kijiji kizima kinachoangalia vifungo.

Halafu mchungaji anamuuliza kwa nini anaoa tena mapema hivyo. Jibu la Thiel ni kwamba na marehemu hawezi kuendesha nyumba. Kavu hivyo hivyo. Kumbe alimwahidi Minna kwamba mtoto ataangaliwa, na mtu aliye zamu hawezi kumwangalia mtoto. Ahadi hiyo ndiyo inayomleta Lene ndani ya nyumba. Sijui kama kuna kitanzi kilichofungwa kwa upole zaidi ya hicho: mtu anamtafutia mwanawe mlezi kwa kutii neno la mama yake, na huyo ndiye mlezi.

Mpangilio wa wakati sitaukalia sana. Yeyote anayesoma ataona kwamba miaka kumi inakwenda kwa kurasa chache na siku chache za mwisho zinakula kitabu chote kilichobaki. Kitu kimoja tu. Kwenye ile sehemu ya haraka msimulizi anataja matukio machache yaliyowahi kutokea kwenye kipande cha reli cha Thiel: treni maalumu ya Kaisari ilipita kwenda Breslau, usiku mmoja wa baridi treni ilimgonga paa dume, na siku moja ya joto Thiel aliokota chupa ya mvinyo ambayo haijafunguliwa, ya moto kutokana na jua, akaifungua ikafoka kama chemchemi. Akaiweka kwenye maji ya kina kifupi kwenye kidimbwi msituni ili ipoe, nayo ikapotea. Miaka baadaye bado aliisikitikia.

Nakiri naipenda chupa hiyo kuliko alama nyingine zote za kitabu, na sijaona mtu akiizungumzia ipasavyo. Reli imemtupia chupa mbili maishani. Moja ilimpiga kifuani. Nyingine ilikuwa zawadi, na hakuweza kuishika hata siku moja. Mtu ambaye hawezi kusema "nilimpenda Minna, akaniponyoka" anaisikitikia chupa.

Sasa mkate.

Ni jioni ya Juni, Thiel yuko njiani kwenda zamu, anagundua amesahau mkate wake nyumbani. Anarudi. Kabla hajafika mlangoni anamsikia Lene akimtukana Tobias, kisha anasikia kipigo. Anaingia. Msomaji anajua mwili wa Thiel ulivyo. Ameshaambiwa ni mtu wa misuli. Anangoja mlipuko. Mwandishi anatuletea macho ya Thiel yakimwangalia Lene: kifua kinachopanda na kushuka kwa hasira, nyonga pana. Na hapo, badala ya hasira, kinamshika kitu kingine. Nguvu, anasema msimulizi, ilikuwa kama inamtoka yule mwanamke, haishindiki wala haikwepeki. Ikamzunguka Thiel, nyepesi kama utando wa buibui na ngumu kama wavu wa chuma.

Thiel anaokota mkate wake. Anamwonyesha Lene kidogo, ndio maelezo pekee anayotoa, anaitikia kwa kichwa kama mtu aliye mbali na hapo, anatoka. Tobias amebaki kwenye kona, machozi usoni.

Nilisoma hapo nikafunga kitabu. Mzee akanitazama: "Umefika kwenye mkate." Hakuuliza.

Tamathali yenyewe, ukiikata na kuiweka mezani, si ya ajabu. Utando wa buibui kwa mwanamke anayemnasa mwanamume ni tashbihi iliyochakaa kila mahali. Ufundi uko katika kinachofuata. Thiel anafika kwenye kituo chake cha kazi, mwandishi anaanza kueleza mandhari, jua linazama, na tunaambiwa kwamba nyaya za telegrafu zimetambaa kutoka nguzo hadi nguzo kama utando wa buibui mkubwa mno. Reli nazo, ukiziangalia zote pamoja, zinafanana na tundu la wavu mkubwa wa chuma, nyuzi zake zikikutana kwenye nukta moja upeo wa macho.

Utando. Wavu wa chuma. Maneno yaleyale, kurasa chache mbele, lakini sasa hayamhusu Lene tena. Mandhari tunaiona kwa macho ya nani? Msimulizi anasema kama vile anaeleza hali ya hewa. Kumbe kilichompata Thiel pale jikoni, ambacho hakuweza kukitamka wala kukiwaza hadi mwisho, kimetembea naye msituni na kukaa juu ya nguzo. Mahali pekee palipokuwa pake, kile kibanda ambacho amekifanya kama kanisa la Minna, ambako huweka picha yake na kusoma Biblia na kuimba zaburi usiku hadi anamwona, mahali ambapo Lene hajui hata namba yake, sasa pameshatandwa. Lene hajakanyaga bado. Ametangulia kufika kwa tashbihi.

Na hiyo ndiyo sababu baadaye, treni inapomuua Tobias, Thiel hahitaji hoja ya kumfikisha kwa Lene. Msomaji wa kawaida angeuliza: si treni iliyomgonga? Kwa Thiel swali hilo halipo. Treni na Lene ni kitu kimoja tangu jioni ile, vyote chuma na utando. Hauptmann amelijenga kosa la hukumu ya mtu mwenda wazimu ndani ya maelezo ya mandhari, na sisi tumelimeza pamoja naye tukidhani tunaangalia machweo.

Kumbuka ni 1887. Freud, daktari wa Vienna aliyeanzisha uchambuzi wa nafsi, atachapisha kitabu chake cha ndoto miaka 12 baadaye. Hauptmann mwenyewe alikuwa bado hajakwenda Zürich, ambako mwaka 1888 alikutana na kazi ya Auguste Forel, daktari wa akili. Kijana huyu hakuwa na msamiati wa kitabibu wa kuegemea, ingawa kichwa kidogo cha kitabu kinajiita "uchunguzi". Alikuwa na misonobari, reli na masikio.

Masikio hasa. Kuna aya ya treni kupita ambayo niliisoma kwa sauti kibandani, nikaambiwa niisome tena taratibu. Mwanzo ni nukta nyeusi pale reli zinapokutana. Kisha reli zinaanza kutetema na kuvuma, kisha mlio wa kugongana wenye mapigo, kisha ngurumo, hadi inakuwa kama kwato za kikosi cha farasi kinachokuja mbio. Sentensi zinarefuka kadiri treni inavyokaribia, vituo vinakuwa haba, huna pa kuvutia pumzi. Kisha msukumo wa hewa, wingu la vumbi na mvuke na moshi, na lile zimwi jeusi linalokoroma limeshapita. Sauti zinafifia kwa utaratibu uleule zilivyokuja. Treni inasinyaa na kuwa nukta tena. Na ukimya wa zamani, mtakatifu, anauita hivyo, unaifunika ile kona ya msitu.

Baada ya kelele zote hizo Thiel anasema neno moja, kwa mnong'ono, kama mtu aliyeamka ndotoni: "Minna." Anarudi kibandani.

Neno moja! Aya nzima ya chuma na moshi imejengwa ili kubeba hilo jina. Nimewahi kusoma wachambuzi wanaosema treni hapa ni teknolojia mpya inayovamia maumbile, na ni kweli reli ya Berlin kwenda Frankfurt ya mto Oder ilikuwa imeshapita Erkner tangu 1842, na ni kweli mwandishi anaiita zimwi. Lakini kama treni ni zimwi tu, mbona ikishapita mtu anamtaja mkewe marehemu? Treni kwa Thiel ni mlango pia. Hupita, hutetemesha kila kitu, na nyuma yake hubaki ukimya ambamo Minna anaweza kuja. Alama iliyo nzuri haisimami upande mmoja.

Ambapo nadhani alizidisha chumvi ni usiku wa dhoruba. Thiel anaota Minna akikimbia kwenye reli, amebeba kitu kilichofungwa kwa matambara, kimelegea, kina damu. Anaamka, treni inakuja, taa mbili nyekundu kama macho ya jitu, na mwanga wake unageuza matone ya mvua kuwa matone ya damu. Ikawa kama mvua ya damu inanyesha kutoka mbinguni. Mzee wangu aliipenda sehemu hii kuliko zote. Mimi niliona mkono wa mwandishi. Hadi hapo alikuwa akivificha vidokezo ndani ya takwimu na hali ya hewa, sasa anatuwashia taa usoni. Tulibishana hadi lori la saa kumi likapiga honi na hakuna aliyekuwa amelisikia.

Tulibishana pia juu ya Lene, na hapo mzee alinishinda. Nilikuwa nimemchukulia kama shetani wa hadithi, mama wa kambo wa ngano. Akaniuliza: "Nani kakwambia hivyo?" Nikajibu, msimulizi. "Basi muulize msimulizi anaona kwa macho ya nani." Nikarudi nyuma kuangalia. Siku ya ajali, anayechimba shamba la viazi kando ya reli ni Lene, na msimulizi anasema anachimba kwa kasi na ustahimilivu wa mashine, akisimama tu kunyonyesha. Mashine, tena. Anamgeuza mwanamke anayelima na kunyonyesha kuwa kipande cha reli, na sisi tunaitikia. Siku hiyohiyo Thiel anamwambia amwangalie Tobias asisogee relini, kisha anakwenda kazini kwake. Lene anainua mabega. Uzembe upo, sikatai, na vipigo vilikuwapo. Lakini baada ya ajali, jambo ambalo watu wengi wakisimulia kitabu hiki huliruka, Lene anabadilika. Thiel aliyezimia analetwa nyumbani, na Lene anamuuguza, anamlaza, ukali wote umemtoka, hadi usingizi wa uchovu unamchukua. Anauawa akiwa hivyo. Msimulizi hatuonyeshi mauaji. Anatuonyesha watu walioleta maiti ya Tobias wakiingia na kukuta. Kitabu kilichotupa mdundo wa kila gurudumu kinafumba macho hapo, na mimi naamini kinafumba kwa sababu macho tuliyokuwa tukiyatumia wakati wote ni ya Thiel, na Thiel hayupo tena ndani yake.

Kindi nimemwacha nyuma. Asubuhi ya ajali Thiel anamtembeza Tobias kwenye kipande chake cha reli, mwana amefurahi, anaweka sikio kwenye nguzo za telegrafu asikie zinavyoimba, anasema akikua atakuwa bwana mkubwa wa reli. Kindi wa kahawia anapita. Tobias anauliza: "Baba, yule ndiye Mungu?" Kijerumani cha kuwaambia watoto humwita Mungu kwa neno la upendo, kitu kama Mungu mpendwa, na mtoto anaongea hivyo. Baba anamjibu kwamba ni mjinga mdogo. Basi. Ukurasa unafunguka, unasahau.

Saa chache baadaye treni imefunga breki, kitu cheusi kimeonekana kikirushwa huku na huku kati ya magurudumu kama mpira, Tobias amepakiwa ndani ya treni hiyo na kuondoka nayo, Thiel amebaki kwenye reli akiongea na mtu asiyeonekana, akimwahidi atalipiza. Kindi anakatiza. Thiel anaanza kurudia: Mungu mpendwa anaruka njia, Mungu mpendwa anaruka njia.

Takriri tunafundishwa ni ya kutia mkazo. Hapa ni kitu kilichokatika. Thiel, mtu wa kanisa kila Jumapili kwa miaka kumi, hana neno lolote la dini linalomfaa wakati huu isipokuwa kosa la kitoto alilolicheka asubuhi. Anaongea kwa kinywa cha mwanawe. Bado hajaambiwa kwa uhakika kwamba Tobias amefariki, lakini sisi tumeshajua, kwa sababu sauti ya mtoto imehama.

Jumapili moja nilipanda S3, treni ya mjini Berlin, hadi mwisho wa mstari, Erkner. Nyumba aliyoishi Hauptmann sasa ni makumbusho. Niliangalia vyumba haraka, nikatoka kutafuta misonobari, ambayo ndiyo iliyonileta. Shina zake kuelekea jioni kweli huwa na rangi ya chuma kilichopashwa moto. Nilidhani ni mapambo ya mwandishi. Nikarudi kituoni, nikasimama mwisho kabisa wa jukwaa, pale abiria hawafiki, nikaangalia reli zilivyokuwa zikibanana kuelekea mbali. Tangazo likasema tusogee nyuma, kuna treni inapita bila kusimama. Kabla haijaonekana, reli zilivuma. Ni sauti nyembamba, karibu ya kupendeza. Hakuna mlinzi tena wa kusimama na bendera. Kazi ya Thiel inafanywa na nyaya.

Asubuhi baada ya mauaji wanamkuta Thiel ameketi katikati ya reli, mahali palepale Tobias alipogongwa, akiipapasa kofia ndogo ya kahawia ya mtoto. Wanambembeleza, hatoki. Treni ya mwendo kasi inalazimika kusimama. Mtu aliyetumia maisha yake kuhakikisha treni zinapita ndiye aliyeisimamisha, na wafanyakazi wake wanashuka kumwondoa kwa nguvu. Wanamfunga mikono na miguu.

Sentensi ya mwisho inasema alipofikishwa Charité bado alikuwa na ile kofia mikononi, akiilinda kwa wivu na upole. Niliisoma kwa Kijerumani mara nyingi bila kuona kitu. Kwa Kijerumani mlinzi wa reli ni Wärter, na kitenzi kilichotumika kwa kofia ni kingine kabisa, bewachen. Maneno hayo hayana mzizi mmoja. Ilikuwa usiku wa zamu yangu ya mwisho na yule mzee, nikawa namfasiria sentensi hiyo kwa Kiswahili ili asikie tu inavyolia, na nilipofika kwenye kitenzi nikasimama. Mlinzi. Akiilinda.

Aliniuliza mbona nimenyamaza. Nikamweleza. Akachukua kijitabu, akatafuta ukurasa wa mwisho, akakisogeza karibu na taa ya hita, na lori likaanza kupiga honi pale kizuizini.